Sufuria ya Mwantum

Wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mnaopenda jukwaa, kaeni vizuri. Kisa hiki ni cha hapa hapa Bujumbura, na waliohusika bado wako hai na wanasalimiana. Tukisikilize bila kunyosheana vidole, maana kidole hicho kikianza kuzunguka sijui nani kati yetu atabaki salama.

Katika mtaa wa Buyenzi anakaa Mwantum, mke wa Faruk fundi wa magari, mama wa binti aitwaye Assia. Mwantum anaongoza shule ya maigizo iliyo katika ghala kuukuu karibu na Zone Industrielle, mahali ambapo upepo ukivuma vibaya darasa zima linanuka sabuni ya kiwandani. Shule hiyo inapokea kila mtu: watoto wa Kiislamu wa Buyenzi, Warundi wa Musaga, Wakongomani waliokimbia vita, wenye magongo, wenye kigugumizi. Yeye hupenda kusema, "Mlango wetu hauna kabila."

Na kilichoifanya shule hiyo ijulikane ni sufuria. Ilikuwa sufuria kubwa ya kupikia pilau ya Idi, aliyoachiwa na marehemu mama yake. Kila igizo jipya likianza, Jumamosi asubuhi wanafunzi wanakaa kwenye mikeka, majina ya wahusika yanaandikwa kwenye vikaratasi, vinatiwa ndani ya sufuria, na kila mmoja anachota chake. Ukichota mfalme, wewe ni mfalme, hata kama unatembelea gongo. Ukichota mlevi, wewe ni mlevi, hata kama baba yako ni mchungaji.

Mwantum alikuwa na sababu. Alipokuwa msichana aliigiza katika kikundi kimoja cha mjini, na miaka yote walimpa nafasi ile ile: mwanamke laghai wa mtandio, mwenye maneno mengi. Si mnajua wenyewe? Katika mji huu mtu akisema "yule ni Mswahili," mara nyingi hasifii lugha yake. Mwantum alicheza ulaghai hadi wenye maduka wakawa wanahesabu chenji mara mbili mbele yake. Akaapa kwamba siku akiwa na shule yake, nafasi hazitagawanywa kwa sura wala kwa matamshi.

Basi Jumamosi moja waliketi kuchota. Igizo lilihusu soko: kuna mchuuzi mwizi anaitwa Mama Mikono, na kuna hakimu mwanamke anayemhukumu. Assia akachota Mama Mikono, akacheka. Lisette, rafiki yake wa chanda na pete, akachota hakimu.

Lisette alikuwa binti wa Marguerite, mjane aliyetoka upande wa Uvira, kule Kongo, na sasa anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kanyosha. Msichana huyo alikishika kikaratasi chake kwa mikono miwili. Jioni alimwambia mama yake, na kesho yake soko zima lilijua.

"Mutoto yangu atakuwa juge!" Marguerite aliwaambia wauza nyanya. "Mutamuona na macho yenu."

Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Lakini igizo lilitakiwa kufunguliwa katika ukumbi mkubwa wa mjini, mbele ya wageni wa heshima, kisha lizunguke mitaani. Msimamizi wa ukumbi huo, Valéry, alikuja kuangalia mazoezi. Alimsikiliza Lisette akisoma hukumu, halafu akamvuta Mwantum pembeni.

"Directrice, mi sina shida na Wakongomani, hata shemeji yangu ni Mukongomani. Lakini hakimu anasema namna ile? Salle yote itacheka. Hakimu ni mutu sérieux."

"Kwetu sufuria ndiyo inaamua, Valéry."

"Ntakibazo, hakuna shida. Mi nasema tu, salle ni moja, na wanaoitaka ni wengi."

Mwantum alilala na maneno hayo. Aliiona shule yake ikirudi kuigiza kwa wapita njia. Akawaona wageni wakicheka pale pasipochekwa. Asubuhi alikuwa amekwisha kujishawishi kwamba ni kwa faida ya wote. Ndivyo tunavyofanya sote tukitaka kumwonea mtu: tunaanza kwa kutafuta faida ya wote.

Alimwita Lisette ofisini.

"Mwanangu, we ni mtoto wa nyumbani, utanielewa. Nataka mbadilishane na Assia. Yeye awe hakimu, we ushike Mama Mikono."

"Lakini Directrice, mi ndiye nilitoa ile karatasi. Bote baliona."

"Najua. Ni mara moja tu. Na Mama Mikono ndiye watu watamkumbuka, utaona."

Lisette alitazama viatu vyake. "Sijue kuwa mwizi. Nitafanya namna gani?"

Hapo Mwantum alitoa ushauri ambao mwalimu yeyote wa maigizo angeutoa, na ndio uliovunja nyumba ya watu. "Huhitaji kumjua mwizi," alisema. "Chukua muuza ndagala unayemjua vizuri. Chukua sauti yake, mwendo wake, mikono yake. Wizi tutaongeza sisi."

Nyumbani Assia alirukaruka kwa furaha. Faruk, aliyekuwa akinawa mafuta ya gari, aliuliza taratibu, "Kwa hiyo sufuria imemkataa mtoto wa mtu, imemchagua wa kwetu?"

"We kaa na injini zako, Baba Assia."

"Nimekaa. Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu. Ulipochomwa wewe, tulisikia kelele mpaka Ngagara."

Mwantum alimkasirikia mumewe kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Ukumbini igizo lilifaulu mno. Assia alikuwa hakimu wa kawaida tu, tuseme ukweli, alikariri vizuri. Lisette ndiye aliyewaua watu kwa kicheko. Alitembea kama wanawake wanaobeba beseni tangu utotoni, kiuno kimekaza, shingo imenyooka. Aliita, "Kuya, mama! Ndagala na matabishi!" Na kila alipompa mteja matabishi, yaani ile nyongeza ya mkono mmoja juu ya kipimo, mkono wa pili ulichomoa pochi. Wageni walipiga makofi hadi wakasimama. Siku ya pili Mwantum alihojiwa na redio, akasema kwa sauti ya kujiamini, "Kwetu hakuna upendeleo. Sufuria ndiyo inaamua." Lisette alikuwa amesimama nyuma yake.

Wakaenda Musaga, watu wakacheka. Kisha ikafika zamu ya Kanyosha, uwanjani, ubavuni mwa soko.

Marguerite alifika mapema. Alimwachia jirani biashara, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaketi kwenye benchi la mbele na wauza nyanya wake wote. Lisette hakuwa amemwambia kwamba nafasi imebadilishwa. Kila siku alisema atamwambia kesho, na kesho haikufika.

Akatoka Assia na joho la hakimu. Marguerite akageuza shingo kumtafuta mwanawe. Halafu akamsikia: "Kuya, mama! Ndagala na matabishi!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ulikuwa mwendo wake, na hata namna yake ya kupangusa mikono kwenye kitenge. Uwanja ulilipuka kwa kicheko, na kwa kuwa Kanyosha kila mtu anamjua Marguerite, vichwa vilianza kumgeukia. Mwanzoni alicheka kidogo, kama mtu anavyocheka akijikwaa hadharani. Mkono wa pili wa Mama Mikono ulipoingia kwenye mkoba wa mteja, Marguerite aliacha kucheka, akaficha mikono yake chini ya kitenge.

Lisette alimwona. Akamaliza onyesho lake, maana alikuwa amefundishwa kumaliza.

Ndugu zangu, maigizo ni mchezo, lakini jina la mtu si mchezo. Kesho yake watoto walipita sokoni wakiita, "Mama Mikono!" Wateja walicheka. Wiki zilizofuata walicheka huku wamebana mikoba kwapani. Marguerite akiongeza matabishi, wanamtazama mkono wa pili. Wengine wakaona ni afadhali kununua kwa jirani.

Halafu siku moja mama mmoja akakosa pochi yake. Hakuuliza, alikwenda moja kwa moja kwa Marguerite.

"Toa! Tunakujua!"

"Dada, mi sijaona kitu. Nikuapie Mungu."

Watu wakajaa. Mmoja alishika beseni, akalipindua, ndagala zote zikamwagika kwenye tope. Wakamkung'uta kitenge, wakamfungua kitambaa cha kichwa. Pochi haikuwapo. Ilipatikana saa chache baadaye kwa fundi cherehani, mwenyewe alipoisahau. Yule mama hakurudi kuomba radhi, na hakuna aliyemsaidia Marguerite kuokota.

Jioni hiyo Lisette alimkuta mama yake anaosha ndagala moja moja.

"Mama, unisamehe."

"Juu ya nini?" Marguerite alisema bila kuinua macho. "Ulinifanya vizuri sana."

Maneno hayo yalimchoma Lisette kuliko kofi. Haukupita muda akavuka mpaka, akaenda kukaa kwa mjomba wake Uvira. Shuleni hakuaga.

Mwantum alipata habari hizo kutoka kwa Assia, aliyerudi kutoka Kanyosha macho yamevimba. Alisikitika, tusimdhulumu, alisikitika kweli. Lakini alijiambia kwamba yaliyopita si ndwele, akaitisha Jumamosi ya igizo jipya. Vikaratasi vikaandikwa. Akaishika sufuria, akaipitisha mbele ya wanafunzi kama kawaida.

Hakuna aliyeingiza mkono.

Akampelekea Destin, kijana wa Kikongomani mwenye sauti nzito. Destin akatazama pembeni. Akampelekea Benite wa Musaga, anayetembelea gongo. Benite akasema kwa adabu, "Directrice, tupe tu mwenyewe ile unataka." Mwisho akafika kwa binti yake.

"Mama," Assia alisema, "hii sufuria irudishe nyumbani. Tupikie maharage."

Aibu ilimshika Mwantum mbele ya watoto wote wale. Alikaa kwenye mkeka, sufuria mapajani. Aliliona kosa lake likiwa zima, halina pa kujificha. Yale aliyofanyiwa usichanani amemfanyia mtoto wa mwenziwe, tena kwa jina la haki.

Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mwantum aliinuka, akasema, "Igizo la soko linarudi Kanyosha. Mama Mikono nitakuwa mimi."

"Na utatumia sauti ya nani?" Faruk alimuuliza nyumbani.

"Yangu."

Kabla ya kupanda jukwaani Kanyosha aliwaeleza watu kwamba Mama Mikono wa kwanza alitungwa kwa amri yake, na kwamba Marguerite hakuwahi kuiba hata ndagala moja. Kisha akaigiza. Alijifunga mtandio, akauza vitumbua kwa Kiswahili cha Buyenzi, akawaibia wateja huku akiwaita "habibi." Ulaghai wote aliolazimishwa kuucheza usichanani aliutoa siku hiyo, na watu walicheka hadi wakashika mbavu. Hakimu alikuwa Destin. Alipofungua kinywa na Kiswahili chake cha Uvira, wachache walicheka. Halafu wakanyamaza, maana walitaka kusikia hukumu. Valéry, laiti angekuwapo.

Asubuhi Mwantum alikwenda sokoni peke yake. Hakufika mbali.

"Mama Mikono! Mama Mikono!" watoto walimfuata. Muuza nyanya akavuta pochi yake karibu, akasema ni utani. Mwantum alijua ladha ya utani huo tangu zamani. Alitembea nao mgongoni mpaka kwa Marguerite.

Marguerite alimtazama sana.

"Mama Assia. Sasa ni we banaita."

"Ni mi, Mama Lisette. Nimekuja kuomba msamaha. Na Lisette akitaka kurudi, kiti cha hakimu ni chake, si cha mtu mwingine."

"Hatarudi. Nilimuuliza. Anasema kila akifungua kinywa ku jukwaa, anasikia sauti yangu." Marguerite alijaza kopo la ndagala, akalimimina kwenye mfuko, na kwa mazoea akaongeza matabishi. "Apana, mi sijakusamehe bado. Lakini kaa. Jua ni kali."

Akamsogezea kiti kidogo. Mwantum akakaa. Mteja mmoja akaja, akawaona wote wawili, akabana mkoba wake kwapani bila kujua amwogope yupi. Marguerite akacheka, cheko la kwanza tangu siku ya beseni.

"Usiogope, mama," alisema. "Leo tuko wawili, chunga tu mikono yote minne."

MAFUNZO

Ndugu zangu, Mwantum hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana kisa chake kinatuhusu. Kanuni nzuri ni rahisi kuifuata siku isipodai kitu. Siku ikidai, ndipo tunapojua kama ilikuwa kanuni au pambo la kuonyesha wageni. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo.

Wewe unayeongoza shule, kikundi, kanisa au msikiti, usijisifu kwamba umekusanya watu wa kila namna. Kuwakusanya si kazi kubwa, hata soko linawakusanya. Angalia unamweka nani wapi. Ukiwa na Mkongomani wa kuchekesha, Mwislamu wa kulaghai na kiwete wa kuombaomba, umewaalika nyumbani kwako ili uwatukane mbele ya watu.

Na wewe mtazamaji, cheka, jukwaa limewekwa kwa ajili hiyo. Lakini igizo likiisha, kicheko kiache pale pale uwanjani, usimpelekee mama wa watu kwenye beseni lake.

Shule ya Mwantum ingalipo, na sufuria ingalipo. Siku hizi anayeishika ni Benite, na mwalimu mkuu naye huchota kama wengine. Lakini kila igizo jipya likianza, wote wakimaliza kuchota, kikaratasi kimoja hubaki ndani ya sufuria, na hakuna anayekigusa. Kimeandikwa "hakimu," nacho kinamngoja msichana aliye ng'ambo ya mpaka.