Staika ya Mutiso

Mutiso na mkewe Nzula walikaa Muthangari. Mwaka 1987 walikuwa na bodi ya keramu, ubao wenye mashimo pembeni, na kila Jumamosi baada ya kufua nguo walicheza. Unasukuma staika, kile kidude kizito cha kugongea, kwa kidole, inagonga kete, kete inaingia shimoni. Staika nayo ikiingia, ni kosa. Unarudisha kete.

Staika ya Mutiso iliingia kila mara.

"Hii bodi imeinama," alisema.

"Imeinama kwako peke yako?" Nzula aliuliza.

Mutiso akamwaga poda zaidi ubaoni ili kete ziteleze. Akanunua staika nzito kuliko ya zamani. Akavua shati, akagonga mpaka kuku wakakimbia. Ta! Kete shimoni, na staika nyuma yake, kama mbwa anayemfuata mwenye nyama.

"Baba Kalekye," Nzula alisema, "wiki ijayo ni mashindano ya kanisa, ya wawili wawili. Ukiendelea hivi, nitacheza na Ephantus."

Ephantus alikuwa mpiga kinanda wa kwaya, tena mtanashati. Mutiso hakumaliza ugali wake.

Jirani yao Jashoda, mwalimu wa sayansi, alisikia kelele akaja.

"Mwalimu, hii kitu yangu imerogwa," Mutiso alilia.

Jashoda aliweka kete moja, akaigonga katikati kwa kete nyingine. Iliyogonga ilisimama palepale. Iliyogongwa ikaenda.

"Umeona? Mwendo haukupotea. Umehama. Kete zikilingana uzito, inayogonga inampa mwenzake karibu mwendo wote."

"Na staika?"

"Staika ni nzito. Kete haiwezi kuchukua mwendo wote. Unaobaki unaisukuma staika mbele, njia ileile. Na wewe umenunua nzito zaidi!"

"Kumbe ninajiroga mwenyewe."

"Gonga polepole. Kete ni nyepesi, itatoka mbio kuliko staika. Itafika shimoni. Staika itasimama njiani."

"Nguvu yake itaenda wapi?" Nzula aliuliza.

"Itasuguana na mbao, igeuke joto kidogo. Nguvu haipotei, Mama Kalekye."

Mutiso alirudia staika ya zamani. Alifanya mazoezi wiki nzima, kidole kikivimba.

Siku ya mashindano ilibaki kete moja yeye na Nzula washinde. Watu walijua tabia yake, wakaanza kucheka mapema. Mutiso akashusha pumzi. Akagusa staika kama anayemwamsha mtoto. Kete ikateleza, ikaingia. Staika ikafuata... ikapunguza... ikasimama ukingoni mwa shimo.

Mchungaji Hezekiah, aliyekuwa mpinzani wao, akajikuta anapiga makofi.