Majani Yaliyofunga Mlango

Asubuhi huko Kasha, mtaa wa Bukavu, huanzia jikoni, na jikoni kwa Cibalonza wenye nyumba ni dende. Wale simbilisi, wanyama wadogo wasio na mkia, walizaliwa pale pale, kando ya mafiga. Kila alipoingia walimpigia kelele: wii, wii, wii!

"Nyamazeni, wakubwa," aliwaambia. "Chakula iko nakuja."

Chakula chao kilikuwa trefle, majani yenye vipande vitatu. Cibalonza aliipanda ukingoni mwa shamba, pale kilima kinapoteremka, ili mizizi ishike udongo wakati wa mvua. Dende wa kwanza, dume na jike, alipewa na jirani yake Rahima. Tangu hapo, sahani iliyotoka nyumba moja haikurudi tupu kutoka nyumba ya pili.

Siku moja aliikuta trefle imebadilika. Vipande vya majani vilikuwa vimejikunja katikati, vimefunga kama milango, vimevimba na kupauka. Alikata hivyo hivyo, umande ukidondoka, akawapa dende. Kesho yake jike mwenye mimba alikutwa amekufa, tumbo limejaa kama ngoma.

Cibalonza alikumbuka jambo. Juzi alimwona Rahima ameinama kwenye trefle, mkono ndani ya majani.

"Karuho," alinong'ona.

Bukavu neno hilo halisemwi kwa sauti. Ni sumu ya siri, ile ambayo watu husema mtu humtilia mwenzake. Neno dogo, lakini ni kiberiti katika mtaa wa nyumba za mbao. Ukikiwasha, hujui moto utakomea kwa nani.

Jioni Rahima alileta sahani ya sambaza, wale samaki wadogo, bado za moto.

"Hodi kwa maman ya dende!"

Cibalonza hakupokea. "Onja kwanza," alisema.

Rahima alicheka. Kisha akaona mwenzake hacheki. Kumwonjea unayempa chakula ni desturi, asiogope sumu; lakini wawili hawa walikuwa wameiacha zamani. Rahima alichukua samaki mmoja, akatafuna, machozi yakimlenga.

"Nimeonja, Maman Cibalonza. Sasa uniambie nimekukosea nini."

Mlango ulifungwa.

Polycarpe, mume wa Cibalonza, aliweka kijiko chini. "Unajua unafanya nini?"

"Najua. Kesho naenda kwa shefu wa avenue. Watu wote wajue."

"Wakijua watachoma nyumba ya mutu. Na kama haiko yeye?"

Swali hilo alilala nalo. Asubuhi alikata fungu la trefle liwe ushahidi. Lakini kabla ya kwenda kwa shefu, mkuu wa mtaa, alipita kwa Papa Marcellin, agronome, bwana shamba anayefundisha wafugaji wa mtaa.

"Papa, uwe shahidi wangu. Angalia karuho."

Marcellin alivaa miwani. Alichukua jani moja, akalifungua kwa ukucha.

"Shahidi anaona karuho yako iko natembea," alisema. "Angalia."

Ndani ya jani vilikuwamo vidudu vidogo sana, rangi ya chungwa, bila miguu, vikijipindapinda.

"Yee! Ni nini hii?"

"Ni watoto ya usubi. Usubi huu iko kama mbu mudogo sana, lakini hauumi mutu. Unataga mayai kwenye jani changa. Watoto wakitoka wananyonya jani. Jani inajikunja na kuvimba, inakuwa nyumba yao. Wakishiba wanaanguka mu udongo, na kule wanageuka usubi tena. Hakuna mutu alitia mukono."

"Na dende yangu? Si ilikufa?"

"Uliipa trefle namna gani?"

"Ya asubuhi. Na umande yake."

"Peke yake?"

"Peke yake. Nyingi."

"Basi inaonekana tumbo ilijaa hewa. Trefle ya maji, ikiliwa nyingi, inavimbisha tumbo. Iache inyauke kidogo, uchanganye na majani ingine. Hii yenye kujikunja haina sumu. Wape tu."

"Nitie dawa ya vidudu?"

"Halafu dende wale dawa? Apana. Kuna nyigu wadogo wanaoua hawa watoto. Dawa itaua wasaidizi wako. Kata trefle yote sasa, mbele hawajaanguka. Usiache majani chini. Ikiota tena, usiingoje izeeke, kata mara kwa mara. Hawataisha wote, lakini trefle itawashinda."

Kisha akamtazama juu ya miwani. "Na kwa shefu, bado unaenda?"

Cibalonza alikusanya fungu lake. Alirudi na njia ile ile, akasimama mbele ya mlango wa Rahima.

"Hodi. Siku ile, ulishika nini mu trefle yangu?"

"Jani," Rahima alijibu kutoka ndani. "Niliona imejikunja, nikataka kukuambia. Ukanifungia mulango."

"Nilikuita muuaji mu roho yangu. Nilitaka kukuita mbele ya watu. Unisamehe."

Mlango ulifunguliwa. Ndipo Rahima akatoka, panga mkononi. Cibalonza alirudi nyuma hatua moja.

"Unaogopa nini tena, wee maman? Twende tukate ile majani!"

Walikata yote, wakabeba yote, wakayatandaza juu ya mabati yanyauke. Mvua ilipopita, trefle ilichipua tena, vipande vitatu wazi kama kiganja. Yaliyojikunja yalikuwa machache. Cibalonza aliyafungua kwa ukucha na kuwaonyesha majirani kilichomo. Jikoni, kelele za dende zikazidi.

Siku hiyo Rahima alimimina chai. Akakipeleka kikombe cha rafiki yake kinywani mwake mwenyewe, aonje kwanza. Cibalonza akamshika mkono, akakichukua.

"Ni ya moto, maman! Utaungua!"

"Niungue," alisema Cibalonza, akanywa.