Dakika Tatu za Gadi

Siku ya tatu baada ya gadi kuwekwa, Bahiya alifungua friji achukue dawa ya mwanawe, akakutana na harufu ya ubani. Si harufu ya samaki wala ya maziwa yaliyochacha. Ubani wa kuchomwa, mzito, kana kwamba chetezo kimewekwa kwenye droo ya mboga.

"Mama, umefukiza humu?" alimwuliza mkwewe.

Bi Zeyana alikuwa amekaa mkekani, ungo wa mchele mapajani. Hakuinua uso. "Nani atakayefukiza friji, mwanangu?"

Bahiya akacheka, akavuta dawa kwenye sindano, akamdunga Asila mkononi. Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi na kila magharibi tangu mtoto ana miaka sita. Sasa alikuwa na tisa. Dawa ile ya sukari haitaki joto, na Asila haishi bila ya dawa, kwa hiyo friji la nyumba ile ya Sokomuhogo halikuwa friji tu. Ilikuwa roho ya mtoto imetiwa kabatini.

Na umeme wetu unajulikana. Huondoka bila ya kuaga na hurudi kwa kishindo, utadhani yeye ndiye aliyekosewa. Mara mbili ulirudi hivyo, mara mbili mashine ya friji ikaungua na dawa ikaharibika. Mara ya pili Asila alilazwa siku nne, na Bahiya alikaa pembeni ya kitanda akiomba achukuliwe yeye. Alipotoka hospitali alikwenda moja kwa moja Mlandege kutafuta gadi, kile kidude kinachokaa baina ya plagi ya ukutani na friji kuuzuia umeme usiingie vibaya.

Hafiz, muuza vifaa ambaye ni fundi pia, alimpangia tatu juu ya meza. Moja kubwa kama cherehani. Moja ndefu yenye matundu sita. Ya mwisho ya kiganja tu, ina taa nyekundu, ya manjano na ya kijani.

"Chukua hii ndogo, dada," alisema. "Lile kubwa la bucha. Na hii ya matundu utachomeka friji, pasi na simu ya mumeo, halafu uje unilaumu mie. Kitu cha roho kipe gadi yake peke yake."

"Na umeme ukirudi na nguvu zake?"

"Inakata. Ukiwa mdogo, inakata. Na ukirudi haifungui hapo hapo. Inawaka manjano, inasubiri dakika tatu mpaka ione umetulia, ndiyo inauruhusu." Akaigeuza, akamwonesha kipini cha tatu. "Lakini hii inataka waya wa ardhini, na nyumba zenu za zamani hazina. Umeme uliozidi lazima upewe pa kwenda."

Hayo ni maneno ya mtu anayeijua kazi yake, na wala hakukosea. Alikosea mahali tu.

Alkhamisi adhuhuri Hafiz alikuja na gadi na nondo ya shaba ya kuushikia waya huo ardhini. Nyumba nzima ni mawe na chokaa. Udongo laini ulikuwapo uwani peke yake, chini ya kizingiti cha mlango wa jikoni. Bi Zeyana alikuwa pale pale anachagua mchele. Alimwona fundi akiisimamisha nondo, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Nyundo ikapiga. Pigo la saba kitu kikapasuka huko chini, mlio wa chungu, na nondo ikazama shubiri nzima bila ya kupigwa.

"Nshapita jiwe!" alisema Hafiz kwa furaha.

Mchele ulikuwa umemwagika. Bi Zeyana akauokota punje moja moja.

Baada ya ubani zikaja pumzi. Friji lolote huvuma, lakini hili lilivuta, likazuia, kisha likashusha, kama mzee aliyepanda ngazi. Taa ya manjano iliwaka na umeme haujakatika. Maziwa yakachacha humo humo ndani, samaki wakaoza. Kichupa cha dawa peke yake kilikuwa baridi, kimelowa maji yanayonukia marashi. Bahiya alishukuru kuwa dawa imesalimika. Hilo ndilo linaloniuma kila nikilisimulia: alishukuru, akakipangusa kwa kanga yake, akaendelea kudunga.

Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, Asila alikuwa akimhadithia bibi yake habari za paka wa jirani. "Bibi, amezaa wa..." na umeme ukakatika.

Feni ikazunguka mwisho mwisho ikasimama, na Asila naye akasimama, mkono hewani, mdomo wazi, macho hayapepesi, na Bahiya aliyedhani mtoto anacheza akamwita, akamtikisa, akaweka kiganja kifuani akakuta moyo unapiga polepole mno, akambeba mpaka uwani, akampaka maji, akamsomea yote aliyoyajua na yale aliyokuwa hayakumbuki vizuri, huku nyuma yake, jikoni kusikokuwa na umeme hata chembe, friji likivuta pumzi, likizuia, likishusha, na kila likishusha kifua cha mtoto nacho kikishuka.

Umeme ukarudi. Taa ya gadi ikawaka manjano. Dakika moja, mbili, tatu. Ikalia tak, ikawa kijani.

"...tatu, na mmoja mweupe," alisema Asila. "Mama, mbona unalia?"

Jioni ile, mtoto alipokuwa chumbani, Bi Zeyana aliwaita Bahiya na mwanawe Khelef, babake Asila, mwalimu wa skuli na mtu wa msikitini.

"Semeni polepole, asisikie," alinong'ona. "Pale kizingitini pana fingo."

"Fingo la nani?" aliuliza Bahiya.

"La babu yenu. Alizika chungu, ndani mna jini, ailinde nyumba. Kila mwaka nnampa halwa na marashi. Nnamwita, ananiitikia 'Naam'. Sauti ya kizee."

Khelef aliinuka. "Mama, si nilikukataza?"

"Ulinikataza, nikawa nafanya kwa siri. Na siku ile ya fundi ningesema nini? Mbele ya mtu baki, mamake mwalimu anafuga jini? Nliona haya, mwanangu. Nliona haya tu."

Mficha uchi hazai. Bi Zeyana aliuficha, na aliyelipia ni mjukuu.

Asubuhi yake mwalimu, aliyekuwa akiwasema waganga kila Ijumaa, alikwenda mwenyewe Mkokotoni akamleta Bi Mwatum, Mtumbatu aliyesifika kwa kutoa majini. Bi Mwatum alivuka mlango, akanusa, na alipowekewa kiti hakukikalia. Aliamuru nondo ing'olewe. Ikatoka na vigae vya chungu. Akafukiza, akaita mara tatu kizingitini. Kimya. Ndipo akafungua friji, akakitoa kichupa, akakinusa, akakirudisha taratibu.

"Kahama," alisema. "Mmemvunjia chungu, akapanda na waya. Gadi yenu inazuia kinachotoka nguzoni. Kinachotoka chini haina habari nacho."

"Mtoe, Bi Mwatum," alisema Khelef. "Nnakuomba kwa haki ya Mungu, mtoe."

"Humu hayumo tena. Mtoto mnamdunga nini?"

Bahiya alikitazama kichupa.

"Jini aliyevamia nnamtoa. Huyu hakuvamia, mwanangu. Mmemtia wenyewe, asubuhi na magharibi, kwa mkono wa mama. Mgeni aliyekaribishwa hivyo mie simuwezi."

"Nikiacha sindano?" aliuliza Bahiya.

"Mie si daktari. Wewe unajua ukiacha kutakuwaje."

Alijua.

"Na nikichukua dawa mpya? Nikiiweka kwengine?"

"Dawa yoyote. Ashazoea kulishwa kwa sindano. Hiyo ndiyo halwa yake sasa." Bi Mwatum akajitanda kanga, akaondoka bila ya kunywa hata maji.

Walihamia Kiembe Samaki, nyumba mpya, friji jipya, dawa mpya, na gadi hawakuweka. Bi Zeyana alikataa kufuatana nao. Alibaki na kizingiti chake. Wiki mbili zilipita vizuri na Bahiya akaanza kulala. Kisha umeme ukakatika, na Asila akasimama katikati ya neno. Safari hii mtoto alisubiri dakika kumi baada ya umeme kurudi, ndipo akazinduka. Safari iliyofuata, arubaini. Hospitali walimpima kila kitu, wakaandika kuwa ukiacha sukari ni mzima.

Mwezi uliopita umeme ulikatika alasiri. Ulirudi jua lingali juu. Khelef alikuwa msikitini. Bahiya alikaa na mtoto sakafuni, akahesabu dakika, akapita arubaini, akapita sitini. Adhana ya Magharibi ikaadhiniwa. Chumba kikaanza kunukia ubani.

"Asila," aliita. "Asila, mwanangu."

"Naam," ikaitika sauti ya kizee.

Midomo ya mtoto haikutikisika. Sauti ilitoka kifuani.

Bahiya alitazama saa. Wakati wa sindano ulikuwa umefika, na ukipita mwanawe hamwoni tena. Akavuta dawa, akaushika mkono mwembamba ule, akadunga.