Mkono wa Kulia

Kila Jumamosi nilifua sare zangu, nikazianika, kisha nikachukua daftari na kumfuata mama kwenye ukumbi wa kikundi cha maigizo. Mama alikuwa fundi wa mavazi. Mimi, nikiwa na miaka kumi na tatu, nilikuwa mwandishi wa vitu. Kikundi kilikuwa kikipiga igizo la sehemu kadhaa kwa kamera, na filamu hupigwa vipande vipande; kipande kimoja huweza kurudiwa mara kumi. Lazima mtu aandike kikombe kilikuwa mkono gani na kifungo kipi kilikuwa wazi. Nikikosea, shati linajifunga lenyewe mbele ya watazamaji.

Shujaa wa igizo letu alikuwa kaka yangu, kijana wa miaka ishirini. Aliigiza mtetezi wa wapangaji, hata mtaani wakamwita Mpangaji. Siku ya kwanza alikuja na sigara ya umeme mfukoni. Alimweleza mwongozaji kwamba mashujaa wote anaowatazama kwenye simu wanapuliza, na shujaa asiye na moshi anafanana na mlinzi wa zamu. Mwongozaji akacheka, akakubali. Nami nikaandika: Mkono wa kulia: sigara ya umeme.

Hapo tukajifunga wenyewe. Kwa kuwa nilishaandika, ilibidi apulize katika kila marudio, mkono uleule, kwenye neno lilelile. Siku moja nilihesabu mara ishirini na sita kabla ya chakula cha mchana. Mwezi ulipokwisha, kaka alikuwa akipuliza hata kamera ikiwa imezimwa.

Sehemu mbili za kwanza zilirushwa, watu wakazitazama kwenye simu zao. Jumatatu nilikuta wavulana nyuma ya darasa wakivuta kalamu tupu na kukunja uso kama kaka. Mmoja alinitania, "Dada shujaa, tumefaulu majaribio ya uigizaji?" Nilicheka, mpaka nilipomwona kati yao mtoto mdogo wa darasa la nne. Yeye alishika sigara ya kweli, aliyoichukua nyumbani kwa kaka yake, na alikuwa akikohoa huku machozi yakimtoka.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya hotuba ya mwisho, ambayo kaka alijivunia kuisema bila kukatwa. Kikohozi kilimkamata katikati. Akarudia, kikamkamata tena. Mara ya tatu mwongozaji akasema wataikata vipande na hakuna atakayejua. Kaka akaketi juu ya sanduku la nguo, kichwa chini.

Niliogopa angenikasirikia, lakini nilimpa daftari, nikamweleza habari za yule mtoto. Alifunua kurasa polepole.

"Yote haya nimevuta mimi?"

Mama alitoa pini mdomoni. "Wewe, mwanangu. Na hao watoto hawakukariri hotuba yako. Wamekariri mkono wako."

Kaka alinirudishia daftari. Kisha akamwomba mwongozaji waziondoe zile sehemu mbili na kupiga upya kila kitu bila sigara. Wenzake walinung'unika, na walikuwa na haki, maana ilikuwa kazi ya mwezi mzima. Mwongozaji alikuna kichwa, akakubali kwa sharti kwamba hotuba isikatwe.

Haikuwa rahisi. Kaka aliacha sigara, akawa mkali kama pilipili, akatafuna vijiti, akakimbia kila asubuhi hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Wiki ya saba alisimama mbele ya kamera, akaisema hotuba yote, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Mama alisimamisha cherehani ili asikilize. Wale walionung'unika ndio walioanza kupiga makofi.

Mimi niliweka kalamu juu ya daftari, nikapiga makofi nao. Mama akaichukua, akaandika mwenyewe, kisha akamwambia kaka, "Anayetazamwa anafundisha, hata asipokusudia. Leo umefundisha vizuri, mwanangu."

Mama hayupo tena. Daftari ninalo, na mwandiko wake umo kwenye ukurasa wa mwisho: Mkono wa kulia: hauna kitu.