Kizuizi cha Nasambu

Mwaka huo wa 1953, treni ya Kampala iliposimama Eldoret, stesheni ilikuwa magunia, vikapu na makelele matupu. Mtoto Chelimo alikuwa akilia tangu asubuhi, na mama yake, Chepkorir, hakumtazama. Tangu gogo limuue mumewe huko Ainabkoi, alikuwa hamtazami mtu. Nasambu, mhudumu wa kliniki ya watoto, aliyekwenda kuwapokea amevaa gauni la maua, alikuwa amebembeleza mpaka amechoka.

Ndipo karani mmoja wa mizigo, kaki yake imepigwa pasi ikanyooka, akaketi juu ya gunia na kupiga litungu lake la nyuzi saba. Mtoto akanyamaza. Baada ya kitambo Chepkorir akaanza kuimba wimbo wa kwao, kwa sauti ndogo, macho yake kwa mwanawe.

"Wewe," Nasambu akamwambia karani, "Jumamosi unafanya nini?"

"Sikuwa na kazi. Naona sasa ninayo. Na mwenye gauni la maua atakuwako?"

"Atakuwako. Njoo na litungu, mdomo uache nyumbani."

Karani huyo, Wepukhulu, akaja. Akawaahidi wajane na mama walioachwa, waliokusanyika na watoto wao kwenye banda la nyuma ya kliniki, kwamba hatakosa Jumamosi hata moja. Chepkorir akaimba, akacheka. Nasambu naye, Wepukhulu alipomwomba amuoe, alikubali kabla swali halijaisha.

Kisha Jumamosi mbili zikapita bila litungu. Chepkorir akamgeuzia mwanawe mgongo tena. Nasambu akashika simu ya daktari, akapiga ghala la mizigo la stesheni.

"Haloo, gudshedi."

"Kumbe uko hai!"

"Kipenzi, usikasirike..."

"Nimeshakasirika. Uko wapi?"

"Mzee Nicanor wa kanisa anasema litungu ni kitu cha pombe. Nikipiga tena, ndoa yetu haitatangazwa. Nimekuchagua wewe, mpenzi. Jumapili tunatangazwa."

"Umenichagua mimi ukamtupa Chelimo, na hata hukuniuliza!" Akaibwaga simu.

Jumapili, Mzee Nicanor akasoma majina yao. "Mwenye kujua kizuizi asimame."

Nasambu akasimama, na gauni lake la maua. Kanisa zima likageuka.

"Kizuizi ninacho."

"Binti, si wewe ndiye bibi arusi?"

"Ndiyo, Mzee. Siolewi na mtu anayeahidi watoto halafu anawakimbia. Na wewe uliyemkataza, njoo Jumamosi umnyamazishe Chelimo!"

Akatoka.

Jumamosi alisikia nyuzi kabla hajafika bandani. Wepukhulu alikuwa ameketi kati ya akina mama, na Chepkorir anaimba, Chelimo magotini pake.

"Mzee Nicanor je?" Nasambu akauliza, mikono kiunoni.

"Nimemwambia siachi. Amefuta majina yetu."

"Basi hatuna arusi."

"Kuna ofisi ya DC, nako wanafungisha ndoa. Nilikosea kwa kutokukuuliza, Nasambu. Sasa nakuuliza. Utakuja?"

"Bado nimekasirika."

"Njoo hivyo hivyo."

Nasambu akamtazama Chepkorir, aliyekuwa akimpigisha mwanawe makofi.

"Jumatatu nitakuja," akasema, akivuta kigoda karibu na Wepukhulu. "Leo piga."