Mbegu Zilizokaa Juu ya Moto

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Limnyuy aliteka maji kijitoni na kumimina kibuyu kimoja kwenye shina la mti wa marehemu mama yake. Ulikuwa mti wa kirah, ambao gome lake likichemshwa ni dawa ya homa na ya wazee wanaoshindwa kukojoa. Mama aliupanda nyuma ya jiko mwaka alioolewa. Wiki ya matanga yake, nyumba ilipobaki tupu kwa muda, wezi walikuja na mapanga wakauchuna gome mzunguko mzima, kutoka chini hadi kwenye matawi.

Mti wa kirah uliochunwa upande mmoja hupona. Uliochunwa mzunguko mzima hufa: maji hupanda, lakini chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena mizizini. Baba yake, Lukong, alimweleza hivyo bila kuficha. Limnyuy aliendelea kumimina maji.

Kiangazi kilichofuata mti ulizaa kuliko miaka yote. Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka ng'ambo ya kilima kumfundisha kuchagua mbegu. Tunda la kijani liachwe, halijakomaa. Zuri ni la zambarau inayoelekea kahawia, lenye mfuo katikati kama linalotaka kugawanyika. Walikamua nyama yake, wakaosha kokwa na kuzitia majini. Zilizoelea walizitupa, kwa kuwa hazikuwa na kitu ndani. Zilizozama zilijaa bakuli.

"Hawa ndio watoto wa mwisho wa mti huu," Bibi alisema. "Wapande leo, mjukuu wangu. Wasilale."

Bibi alipoondoka, Limnyuy alichukua jembe, kisha akalirudisha. Siku hiyo ilikuwa kilovei, siku ambayo wanawake na wasichana wa kabila la Nso hawalimi. Hakumfuata Bibi kumwuliza. Alifanya alivyozoea kumwona mama yake akifanya kwa mbegu za mahindi: alizitia kwenye kikapu, akakipandisha kwenye uchaga juu ya moto, penye moshi, mahali ambapo panya hathubutu na mdudu hapati raha.

Kesho yake alijaza udongo kwenye mifuko ya miche, akaipanga kando ya jiko. Mbegu hakuzitia. Kulikuwa na mazoezi ya ngoma shuleni, na kila alipochungulia kikapuni alizikuta kavu na safi, akaona ziko salama kuliko ardhini. Mahindi ya mama yalikaa pale miezi, na yaliota yote.

Jioni moja baba aliiona mifuko, akauliza kama amepanda.

"Nimepanda, Baba."

Alikusudia kupanda jioni ile ile. Lakini baba alitoka pale pale kukata nyasi, akaijengea mifuko kibanda cha kivuli na kuinyunyizia maji kidogo kidogo kwa mkono, kama mtu anayemwosha mtoto mchanga. Limnyuy alisimama mlangoni akitazama. Tangu siku hiyo hapakupita jioni baba asimwagilie. Limnyuy alipopata nafasi ya kuzifukia kokwa kwa siri, ndege walikuwa wamekwisha kula matunda yote yaliyobaki mtini.

Hakuna kilichoota. Binamu yake, Wirsiy, alipita akaichungulia mifuko. "Mnalea udongo siku hizi? Mkiuza, mniambie, nasi kwetu tunao mwingi." Hakuna aliyecheka. Majani ya mti wa mama yalikuwa yameanza kupukutika, na baba alikuwa ameshasema kwamba ni lazima aukate kabla haujaliangukia jiko.

Siku ya kuukata ilipofika, baba alinoa shoka, kisha akaliweka chini na kwenda kuchuchumaa mbele ya mifuko.

"Labda mkono wangu mzito," alisema. "Mama yako angejua nilipokosea."

Hapo Limnyuy hakuweza tena. Alimweleza yote: kilovei, uchaga, ile jioni. Baba hakumpiga wala hakumkemea. Aliichokora mifuko mmoja baada ya mwingine, akapasua kokwa kwa kisu. Ndani ya kila moja kulikuwa na kitu cha kahawia kilichosinyaa. Kisha aliinuka, akachukua shoka. Limnyuy alisikia kila pigo hadi mti ukaanguka.

Bibi alifika siku iliyofuata, akaketi juu ya kisiki, na Limnyuy akamweleza yote.

"Mbegu ya mahindi hulala ikiwa kavu. Ya kirah hailali, ikikauka imekufa. Na kilovei inakataza jembe, mwanangu. Nani aliwahi kukataza kidole? Ungezichomeka kwa kidole kwenye udongo wa bakuli."

"Sikujua, Bibi."

"Kutojua si dhambi. Lakini baba yako alipokuuliza, matunda yalikuwa bado mtini. Ungesema 'bado', tungechuma mengine. Moto uliua bakuli moja. Uongo umeua yaliyobaki."

Limnyuy alilia. Bibi alimwacha alie, kisha akamshika mkono, wakaenda na Wirsiy kutafuta miche chini ya miti ya kola ambako ndege waliokula yale matunda hulala, kwa kuwa hudondosha kokwa zikiwa bado mbichi. Wirsiy aling'oa miche kwa fujo hadi Bibi akamwambia kwamba hapalilii shamba. Aliwaonyesha la kutazama: kikonyo chekundu, na ukingo wa jani wenye meno madogo. Kila walipodhani wameupata, Bibi alifikicha jani moja na kunusa, kisha akatikisa kichwa. Jua lilikuwa linashuka alipofikicha jani lililotoa harufu chungu ya lozi. Kulikuwa na mche huo mmoja tu, urefu wa kidole.

Waliuhamisha na udongo wake, wakauweka chini ya kibanda cha nyasi. Haukuwa mti wa mama. Nyuma ya jiko palibaki mwanga mkali mahali palipokuwa na kivuli.

Siku kadhaa baadaye baba alirudi kutoka kwenye shamba la kahawa, amechoka.

"Umeumwagilia?" aliuliza.

Limnyuy alikuwa amesahau. Alimtazama baba usoni.

"Bado, Baba," alisema, akaenda kuchukua kibuyu.