Kingamwili za Perisi

Kigae kilikuwa kidogo kama ukucha, lakini juu yake zilipandwa peptidi milioni tatu: vipande vifupi vya protini, kila kimoja na mpangilio wake, kama shanga uzini. Roboti ilidondosha tone la damu ya mtoto Nyemo, kisha ikasuuza. Kingamwili, askari wa damu, hung'ang'ania mpangilio zinaoutambua tu, na pale zinaponasa, kigae huwaka samawati.

Nkwimba, mtaalamu wa maabara hiyo ya Dodoma, alitegemea kuona alama ya kijidudu. Mapigo ya moyo wa mtoto yalizidi kupungua tangu azaliwe. Pakawaka nukta moja. Kompyuta ikaisoma: protini ya moyo wa binadamu. Kingamwili zilikuwa zikiushambulia moyo wa mtoto mwenyewe.

Akapima damu ya mama mtu, Perisi. Ikawaka nukta ileile.

"Kwa hiyo ni mimi," Perisi alisema, akamwondoa mtoto kwenye ziwa upesi kama aliyeguswa na moto.

Mama mkwe wake, Mama Ndahani, akaguna. "Mwanangu kaoa maradhi."

Mwingine angenyamaza. Lakini Nkwimba ni Msukuma, na Wagogo kama bibi huyu ni watani zake.

"Funga mdomo, mla mlenda wewe! Kingamwili hizo zilipita kwenye kondo la nyuma, mimba ikiwa tumboni, pamoja na zile zinazomkinga mjukuu wako na surua. Mama hachambui, anatoa zote."

"Mla michembe ya viazi vikavu unifundishe ukwe?" Bibi alicheka bila kutaka. Kisha akauliza taratibu, "Atapona?"

"Tutaitengeneza peptidi hii kwa wingi, iwe chambo ndani ya chujio. Damu yake ikipita humo, kingamwili zitanasa huko, moyo upumue."

"Na zangu, daktari?" Perisi aliuliza.

Hapo Nkwimba hakuwa na utani. "Zako zitabaki. Mwili wako utazidi kuzitengeneza. Ukibeba mimba nyingine, njoo mapema."

Chujio lilifanya kazi mchana kutwa. Jioni mapigo yalipanda, mtoto akalia kwa njaa, kilio chenye nguvu. Perisi alikunja mikono kifuani.

"Maziwa hayana neno," Nkwimba alimwambia. "Kwa maziwa hazimfikii moyoni."

Perisi hakusogea. Ndipo Mama Ndahani alipomnyanyua mjukuu, akamlaza mapajani mwa mkwewe, akamfungua Perisi vifungo vya blauzi mwenyewe.

"Mpe, mwanangu. Hana mama mwingine huyu."

Nyemo akalidaka ziwa. Perisi alifumba macho, akamwacha anyonye.